Mtani Hana Kesi

Jambo zima liligharimu jino moja la mbele, bega la kushoto na mwaka mmoja wa shule. Nimehesabu mara mbili na jumla haibadiliki. Jino lilikuwa zima, halina hata tundu. Bega bado ninalo, ila linafanya kazi kwa masharti: mkono haupandi kupita sikio, na masika yakikaribia linaanza kunung'unika siku mbili kabla ya mvua, kwa uhakika kuliko redio. Mwaka wa shule ndio sijui niuweke kwenye fungu gani.

Nimeyakumbuka haya wiki iliyopita, nikiwa stoo kwangu Kibiti, nafungua gunia la pumba za kuku. Wauzaji siku hizi wanachanganya mchanga, kwa hiyo natia mkono mpaka kiwiko, nachota za katikati, nanusa. Nilipoinua kiganja, ile harufu ikanipata: vumbi la mpunga uliokobolewa asubuhi hiyohiyo, lina joto bado, na nyuma yake dizeli kidogo. Ulimi ukaenda wenyewe kwenye pengo. Hata sijajikung'uta, simu ikalia. Alikuwa Shabani, binamu yangu wa Ikwiriri.

"Mtani, mbona kwenye mazishi ya mzee hukuonekana?"

"Nilikuwa safarini."

"Safari gani hiyo, mtu anakufa wewe unapanda basi? Haya, arobaini usikose. Kanzu ya mzee ipo, kofia ipo, bakora ipo. Wewe ndiye utakayemvaa."

Nikajikung'uta pumba za kiwikoni. Yeye akaendelea, "Hakuna mwingine anayeiweza sauti yake. Na ile ya Nyamwage usiisahau. Watu wote wanaisubiri ile."

Nyie wa rika langu wa huku kwetu mnaujua mchezo huu. Siku ya arobaini, mtani wa marehemu anavaa nguo zake, anatembea alivyotembea, anasema alivyosema, watu wanacheka machozi yakiwatoka, na msiba unafungwa hapo. Lolote atakalosema siku hiyo hakuna wa kumkamata shati. Mtani hana kesi. Nililelewa kwa neno hilo, na kwa neno hilohilo nikavunjwa.

Marehemu alikuwa Mkwanda, mume wa shangazi yangu, baba yake Shabani. Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, mama akaolewa kwingine huko deltani, mimi nikapelekwa Ikwiriri kwa shangazi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mashati ya mitumba yalimwagwa juu ya maturubai kando ya barabara, na mtu yeyote mwenye fedha aliweza kununua mashine ya kukoboa mpunga bila kuomba kibali cha ushirika. Tajiri mmoja alifunga mashine nyuma ya soko, na Mkwanda ndiye aliyekuwa fundi wake. Alikuwa mfupi, mpana, shingo imezama mabegani. Mashine ilitema pumba upande wa nyuma usiku na mchana, zikawa kilima, na kilima kile ndicho kilichokuwa uwanja wetu wa mieleka. Ukianguka pale huumii, unazama. Ukiinuka una pumba kwenye nyusi, kwenye masikio, na kwingine ambako sitakutaja.

Mkwanda alikuwa Mmatumbi wa vilimani, sisi Wandengereko wa bondeni, na makabila yetu ni watani. Nyumbani nilimwita mjomba, kwenye mashine nilimwita mtani. Nilikuwa mrefu kupita umri wangu, mwembamba kiasi kwamba shangazi alinikatia kaptula mbili kwenye suruali moja ya mtumba. Basi Mkwanda alinisema. Asubuhi: "Wewe ufito, usiku umelala wapi, darini?" Jioni: "Msimpe huyu wali mwingi, unapotelea njiani kabla haujafika tumboni." Na ile iliyopata umaarufu mpaka stendi ya mabasi: "Mtoto huyu akianguka, kichwa kinafika Nyamwage, miguu bado iko Ikwiriri."

Nami nilimjibu, kwa sababu utani ni lazima ujibiwe. "Na wewe mtani ukianguka nani atajua? Kwani ulikuwa umesimama?"

Wabeba magunia walicheka mpaka wakaegemea magunia. Mkwanda naye alicheka. Kila nikirudi nyumbani niliyahesabu matusi ya siku hiyo kama mwingine anavyohesabu zawadi za Idi. Kwa akili yangu ya utoto, mtani anamtukana anayempenda, na anayetukanwa zaidi ndiye anayependwa zaidi. Shabani, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hatukanwi kabisa. Nilimwonea huruma.

Msimu mmoja bibi alituma ujumbe kutoka Mloka. Ndiye aliyemzaa baba yangu na shangazi, kwa hiyo alikuwa bibi yetu sote wawili. Nguruwe walikuwa wamemaliza mihogo, ngedere wanang'oa mahindi mchana kweupe, na mtu aliyekuwa akimsaidia kuamia shamba ameondoka. Alitaka mjukuu mmoja wa kukaa naye juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mazao, mpaka mavuno. Mimi na Shabani tulikuwa tunaingia darasa la saba. Atakayekwenda Mloka angekosa mwaka, na kwetu mvulana aliyekosa mwaka wa darasa la saba mara nyingi hakurudi tena.

Mkwanda akatoa hukumu tukiwa tunakula. "Hawa ni mabinamu, na mabinamu ni watani. Wapigane mieleka. Mara tatu, atakayeanguka mara mbili ndiye aende kwa bibi yake. Hapo hakuna atakayesema kaonewa, maana mtani hana kesi."

Shangazi aliacha kupakua. "Watoto wanapigania shule, baba Shabani?"

"Ulitaka nichague mimi? Ungesema nimempendelea wangu." Akanitazama akitabasamu. "Nitawafundisha wote wawili. Huyu ufito nitamfundisha zaidi, maana ndiye mwenye kazi."

Nililala nikiwa na furaha. Watu wazima wengine wangemchagua mtoto wao na kumaliza. Huyu ananifundisha kumshinda mwanawe!

Basi akanifundisha. Kila jioni, mashine ikizimwa ipoe, aliniweka juu ya pumba na kusema, "Inama. Inama zaidi. Kunja magoti, ingiza kichwa tumboni mwake, mkumbatie kiuno, mnyanyue." Niliinama mpaka pua ikanusa dizeli ya viatu vyake. Kwenye mwili wangu mafunzo yale yalikuwa kama kukunja ngazi ndani ya kikapu. Mgongo uliniuma, miguu ilinitetemeka, na kila nilipomfikia Shabani kiunoni nilikuta yuko chini zaidi yangu, amekaa pale kama mtungi. "Bado," alisema Mkwanda. "Hujainama vya kutosha." Nilirudia mara ishirini, nikahesabu tena, nikarudia mara ishirini nyingine.

Kulikuwa na mama mmoja pale kwenye pumba, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akipepeta kutafuta chenga za mchele. Kutwa alikaa na ungo wake, khanga imefungwa puani, mpaka kope zake zikawa za vumbi. Alikuwa na kaka wanne waliopigana mieleka ujanani mwao, na ulimi aliokuwa nao ungeweza kumenya mpunga bila mashine. Siku moja Mkwanda aliitwa kwa tajiri, akaniacha nimeinama peke yangu kama anayetafuta sindano.

"We mtoto mrefu," akaita. "Nani kakwambia uiname?"

"Mtani wangu."

"Mtani wako au mchimba kaburi wako? Mfupi kazaliwa chini, kule ni kwao. Wewe unamfuata kwake kufanya nini, kumsalimia?" Akaweka ungo. "Simama. Nyoosha mgongo. Haya, nyoosha mkono. Unaona ulivyo mrefu? Basi asikufikie kiunoni abadani. Mfupi akikufika kiunoni, umekwisha. Weka kiganja kisogoni kwake, mwingine kwenye kiwiko. Msukume kichwa chini. Makalio yako yakae nyuma, miguu mbali. Mzungushe. Mwembamba hana uzito wa kubebea mtu, ana pumzi. Mzungushe mpaka akasirike."

"Akishakasirika?"

"Mwenye hasira anakanyaga kwa mguu mmoja. Mguu uleule anaokanyagia, upeleke wako kwa nje, mrefu, mpige ngwala, umvute kiwiko upande huohuo. Halafu mwangukie kwa kifua. Usimwangukie kwa huruma."

Alinisimamisha hivyo kila nafasi ilipopatikana, wiki mbili nzima, yeye ameketi na hakuacha kupepeta. Alinituma nibebe debe la maji kichwani kutoka kisimani bila kulishika, shingo na mgongo vizoee kunyooka. Alinining'iniza kwenye boriti ya banda la mashine nihesabu mpaka mia, na mimi nilihesabu mia mbili, nikidhani labda ile mia ya kwanza nimekosea. Akanikimbiza kwenye mchanga wa bondeni. "Mikono yako ndiyo uzio wako," alisema. "Uzio ukiwa mrefu nguruwe hafiki shambani." Kwa mara ya kwanza niliuona urefu wangu kuwa ni mali.

Nikafanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya, ingawa nilikuwa mtoto. Nilikwenda kumwonyesha Mkwanda.

Nani angefanya hivyo? Mtoto wa utani ndiye angefanya. Huyu ni mtani wangu, ananitukana kila siku, ananipenda. Kwa nini nimfiche jambo zuri? Nilimkuta anasafisha chujio la mashine. Nikamwita Shabani, nikamshika kisogo, nikamzungusha, na alipokanyaga nikapeleka mguu. Akaenda chini kama gunia lililokatika kamba.

Mkwanda aliliacha chujio. Alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Nani kakufundisha?"

"Bi Mwanahawa."

"Hebu rudia. Polepole."

Nikarudia polepole. Akaniambia nirudie tena, akachuchumaa kutazama mguu wangu unapotoka, unatua wapi, unakaa kwa muda gani. Nilirudia mara nne. Nikaona anavyotazama kwa makini, nikajisemea, leo nimemfurahisha mtani. Aliinuka akanipiga kofi dogo la mgongoni. "Umejua. Sasa hii usiibadilishe."

Wiki iliyofuata alikuwa akitoka na Shabani alfajiri, wanasema wanakwenda kuswali. Msikiti ulikuwa kulia. Wao walikuwa wakikata kushoto.

Mieleka ilifanyika Idi pili. Watu walikuja na nguo zao mpya za mitumba, watoto wana mandazi mkononi, wabeba magunia wamekaa juu ya magunia kama waheshimiwa. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa pembeni, na siku hiyo ungo aliuacha nyumbani. Shangazi hakuja.

Mara ya kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa na Bi Mwanahawa. Kisogo, kiwiko, makalio nyuma. Shabani alinisogelea, uzio ukamkatalia. Nikamzungusha. Pumba zilipanda mpaka tukawa tunapumua unga. Akakasirika, akakanyaga, mguu wangu ukatoka kwa nje, mrefu, akaenda chini, nami juu yake kwa kifua. Watu wakapiga kelele. Nilimtafuta Mkwanda kwa macho, nimpelekee ushindi wangu. Alikuwa anamtazama mwanawe na kuinamisha kichwa kidogo tu, kama mtu anayesema: haya, sasa.

Mara ya pili Shabani alikasirika haraka mno. Ningekuwa na akili niliyonayo leo ningejua kwamba hasira iliyokuja upesi hivyo imetengenezwa. Alikanyaga kwa mguu wa kulia, akaniachia wazi. Nikapeleka ngwala. Hakuwa na uzito wowote kwenye mguu ule. Aliuachia ukaelea, akainama, akaudaka mguu wangu kwa mikono miwili, akaubana kwapani na kuuinua. Mguu mrefu uliotoka nje ni mpini tu, mwenye kujua anaushika. Niliruka kwa mguu mmoja mara tatu, nikaona anga, nikatua. Tukawa sare.

"Badilisha!" Bi Mwanahawa alikuwa amesimama. "Usitoe mguu! Mikono, mtoto, mikono!"

Lakini masikioni nilikuwa na sauti nyingine: hii usiibadilishe. Huyu wa chenga ni mama wa watu. Yule ni mtani wangu.

Mara ya tatu nilitoa mguu. Shabani aliudaka kabla haujatua, akauinua mpaka begani kwake, akaninyanyua mzima na kunisukuma nje ya kilima, pale ambapo pumba zinakwisha na sakafu ya mashine inaanza. Nilisikia vitu viwili kwa pamoja: bega likitoka mahali pake kwa mlio mnene, na jino likigonga ukingo wa saruji kwa mlio mwembamba.

Nikalala pale. Mkwanda ndiye wa kwanza kunifikia. Aliinama, uso wake karibu na wangu, harufu ya dizeli na tambuu, na akasema kwa sauti ileile ya kila siku, ila ya chini, ya kunitosha mimi peke yangu:

"Kichwa Nyamwage, miguu Ikwiriri. Na wewe mwenyewe kesho Mloka."

Mimi nikacheka. Mdomo umejaa damu, mkono umegeuka kama wa kuazima, nikacheka, kwa sababu ule ulikuwa utani na utani ni lazima ujibiwe. Nikamsubiri acheke. Sisi siku zote tulicheka pamoja. Hakucheka. Alinitazama macho makavu kama mtu anayesoma mizani, akaona namba aliyokuwa akiitaka, akainuka, akaenda kumfuta mwanawe pumba.

Kesho yake shangazi alinifunga bega kwa khanga, baada ya fundi wa mifupa kulirudisha huku nikilia kwa majina ya mitume wote niliowajua. Lori la Mloka lilikuwa linapakia. Shangazi alikaza fundo, akasema bila kunitazama:

"Mwanangu, nikwambie kitu? Siku ya harusi yangu walipigana mieleka, watani kwa watani. Baba yako alimwangusha huyu mwenzangu mbele ya wakwe. Kwa mguu huohuo, wa nje. Alikuwa mrefu kama wewe. Watu walicheka siku tatu."

"Na yeye alicheka?"

"Alicheka." Akafunga fundo la pili juu ya la kwanza. "Alicheka kwa meno."

Kumbe Mkwanda alijua. Alijua kuliko Bi Mwanahawa, kwa sababu yeye alijifunza akiwa chini. Alijua mrefu haiinamii vita ya mfupi, na kwa sababu hiyo akaniinamisha. Na ulipofika wakati wa kuniambia nibadilishe, akaniambia nisibadilishe. Miaka yote ile hakuwa akinitania. Alikuwa akiyasema yale mbele ya watu wanaocheka, mahali pekee ambapo mtu anaweza kumchukia mtoto kwa sauti kubwa na asiulizwe.

Juu ya dungu nilikaa tangu mahindi yakiwa ya magotini mpaka yakavunwa. Bibi alipika, mimi nikapiga debe na kurusha mawe kwa mkono mmoja. Nilikuwa na muda mwingi wa kuhesabu. Niliyahesabu upya matusi yote ya Mkwanda niliyoweza kuyakumbuka, kutoka lile la dari mpaka lile la Mloka, na kila moja nililihamisha kutoka fungu la zawadi kwenda fungu jingine. Ngedere walikula mistari sita ya mahindi nikiwa kwenye kazi hiyo. Bibi alinichapa kwa mistari mitano, mmoja hakuuona.

Shule nilirudi, nikamaliza nyuma ya Shabani, nimekaa dawati moja na watoto wa kiunoni kwangu. Mieleka sikupigana tena. Kwenye biashara nilijifunza kusimama mbali, mikono mbele, na nisimwinamie mtu bei. Shabani aliniambia mwenyewe, tukiwa vijana, kwamba baba yake alimfundisha kudaka mguu wangu alfajiri saba; alidhani nilijua tayari na nimekwisha kusahau. Shabani si mtu mbaya. Alifundishwa kudaka, akadaka. Mkwanda ndiye nisiyemsamehe, na sijaona sababu ya kuanza sasa kwa kuwa amekufa. Kufa kila mtu atakufa, si juhudi. Miaka yote tulipokutana misibani na harusini aliniita ufito, nikamwita kisiki, watu wakacheka, na sote wawili tulionyesha meno. Mimi moja pungufu.

Sasa arobaini inakuja na Shabani anapiga simu kila siku ya pili. Kanzu imefuliwa. Itanifika magotini, na hilo peke yake litawavunja watu mbavu kabla sijafungua mdomo. Nitatembea kama yeye, nitazamisha shingo mabegani, na watu watapiga kelele, "Nyamwage! Nyamwage!" Nami nitalazimika kuisema.

Hapo ndipo ninapowaomba ushauri, nyie mliokulia utani huu na mnaoujua mpaka wake kuliko mimi. Sentensi ile ina vipande viwili. Cha kwanza kinajulikana mji mzima. Cha pili walikisikia watu wawili, na mmoja wao tunamfungia msiba. Nikisema cha kwanza tu, watacheka, nitapewa sahani ya pilau na nauli, na atakuwa ameniangusha mara ya tatu kwa mguu uleule. Nikimalizia, kwa sauti yake, ndani ya kanzu yake, mbele ya mwanawe, hakuna wa kunishtaki. Labda watacheka pia, na hapo sijui nitafanya nini. Niambieni, wenzangu: niiseme nusu, au niimalize?